Ulisoma Shule Gani?

Santiago, Februari

Kaka Nibaldo,

Huko migodini joto linawatesaje? Mama hajambo, bado anagombana na jirani kwa ajili ya yule mbwa. Mwanao Maite kang'oka jino.

Mimi ningali kwa yule profesa wa uchumi. Usinicheke: tumebuni wasichana wawili wasiokuwepo duniani, sifa zao sawa kabisa, isipokuwa Trinidad kasoma kwa masista kule kwa matajiri, na Yesenia kasoma shule yetu ya pale sokoni. Tunawaombea kazi zilezile, tuone nani ataitwa. Kila mmoja ana simu yake. Ya Yesenia naichaji bure tu, hailii.

Jana ya Trinidad ililia. Mama mmoja mchangamfu akasema, "Njoo Jumatatu, binti yangu, tunakusubiri kwa hamu! Hivi ulisema ulisoma shule gani vile?"

Ulimi ukateleza, nikataja yetu.

Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Samahani, dada. Nafasi imeshajaa."

Nikakaa sakafuni. Profesa nilipomweleza alisema tu, "Huyo mfute, keshaharibika." Najua alimsema Trinidad. Lakini mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na nitakwenda kuomba kazi kwa jina langu mwenyewe.

Tena umeagiza Maite aanze shule yetu ileile, "awe msomi kama shangazi yake." Mama ameshamshonea nembo ya shule kwenye sweta. Mtoto anashinda kaivaa ndani, na joto lote hili.

Nijibu upesi, kaka. Niifumue nembo?

Dadako mwenye hofu,
Yasna