Jumatatu ya Thelathini na Mbili

Didia,
14 Juni 1984

Mwanangu Theonest,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Pamba ya shamba la juu tumeivuna mimi na mdogo wako Salvina. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Tangu utoke hospitali walikokutibu bangi, na hakimu akupe uangalizi wa mwaka mmoja badala ya jela, Jumatatu thelathini na moja nimepanda lori nawe kwenda kwa Bwana Mwangalizi. Jirani yetu Mbuke alinicheka: "Kwani mfungwa ni yupi kati yenu?" Nikamjibu, "Zimebaki ishirini na moja. Hesabu na wewe."

Ndipo baba yako mdogo Bujiku akakuita Bulyanhulu, eti kuchimba dhahabu kutakusahaulisha bangi. Nani asiyejua kwamba huko wanavuta kwanza ndipo washuke shimoni?

Jumatatu hii nilikwenda peke yangu. Bwana Mwangalizi akauliza, "Mama, kijana yuko wapi?" Nikasema anavuna pamba. Akafurahi, akaandika: "Amebadilika, anapenda kazi." Siku zote ulizoketi mbele yake hakuwahi kukuandikia hivyo. Nililia njia nzima.

Nimedanganya mara moja, mwanangu. Mara ya pili sitaweza. Akikurudisha kwa hakimu, ni miaka miwili.

Ukifika Jumapili, sitakuuliza umevuta au hukuvuta. Usipofika, mimi niliyekuzaa ndiye nitakayekupeleka jela.

Aliyekuwekea dhamana,
Mama yako, Scolastika