Ukurasa Tulioubakisha

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ningeifunga kwa gundi kama kungekuwa na pa kuipeleka. Huko uliko hapana posta, basi naiacha wazi, asome anayetaka. Nina jambo la kukuungamia na jambo la kukuuliza, na yote mawili yametokana na ukurasa mmoja.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa chumba cha nyuma nikipiga pasi mashuka yako. Wewe ulikuwa sebuleni na darasa lako la kila Jumatano baada ya alasiri, lile darasa la watu wazima la kusoma vitabu vya wazee wa Kiyahudi na kujifunza mila zao. Pale Diani watu walishangaa kusikia kuna darasa kama hilo, na wangeshangaa zaidi wangeliona, maana wanafunzi walikuwa watatu tu: daktari wa meno mstaafu, mkewe, na mjane mmoja wa Nyali. Siku hiyo mjane alikuwa amepiga simu kusema magoti yake na feri ya Likoni havipatani tena. Daktari husoma na mkewe. Wewe ukabaki huna mwenzako.

"Mwanasha, kuja hapa," uliniita.

"Si kuja, mama, ni njoo," nilikujibu na pasi mkononi, kwa sababu Kiswahili chako cha Nakuru kilikuwa kikiniwasha masikio tangu siku niliyoanza kazi kwako.

"Basi njoo. Na uzime hiyo pasi."

Ukanikalisha kwenye kiti cha mjane. Ukanieleza kwamba kwenu mtu hasomi peke yake. Watu husoma wawili wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akimpinga. "Mkikubaliana upesi, hamjasoma," ulisema. Nilidhani wanitania. Mimi niliyefundishwa madrasa kukaa kimya na kufuata, leo niambiwe kubishana na mwajiri wangu ni ibada! Ukaniuliza: mtu ameokota kitu njiani, je, ni chake? Nikasema si chake, atangaze mwaka mzima. Ukauliza nani kaniambia. Nikasema mwalimu wetu wa Msambweni, na fimbo yake. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Miaka sita tulikaa na kitabu kile ulichokifungua siku hiyo. Kilikuwa kizito kama sinia la biriani, na katikati ya mistari ya maandishi yenu ulikuwa umeandika Kiswahili kwa penseli ili nami nisome. Chote kilihusu vitu vilivyopotea na watu waliovipata. Nyumbani walikuwa wakiniuliza, "Vipi, Mwanasha, mmeshaviona au bado mnatafuta?"

Kuna mahali wazee wenu walisema kwamba kitu kilichochukuliwa na bahari ni cha aliyekiokota, kwa kuwa mwenyewe ameshakata tamaa. Hapo tuligombana Jumatano tatu. Nilikuambia wazee hao hawakukaa Msambweni. Ndara ya mguu mmoja ya marehemu baba ilichukuliwa na maji ya bamvua; mama akataka kuitupa ya pili, baba akakataa katakata, na siku ya tisa ile iliyopotea ikarudi imejaa mchanga, ikakuta mwenziwe anaingoja. Mtu wa pwani hakati tamaa na maji, nilisema, na wazee wako waandike hivyo. Ukachukua penseli ukaandika pembeni mwa ukurasa: Mwanasha anapinga. Sijawahi kupewa heshima kama ile maishani mwangu, Mwalimu, na sikukuambia.

Tulipoinuka kunywa chai siku moja, mikono yetu miwili ilikutana juu ya kitabu, kila mmoja akitaka kukifunga. Tukatazamana. Ukasema kwenu kitabu kitakatifu hakiachwi wazi mtu akaenda zake, maana anayekiacha hivyo husahau alichosoma. Nikakuambia kwetu msahafu ukiachwa wazi, shetani huketi akausoma. "Kumbe sisi ni majirani," ulisema. Tangu hapo ikawa mashindano, nani awahi kukifunga, na mara nyingi ulinishinda pamoja na uzee wako wote.

Sasa ungamo langu.

Tulipokaribia mwisho, ulinieleza kwamba mkimaliza kitabu huwa mnakiaga. Mnakiambia kwa sauti kwamba mtakirudia nacho kitawarudia, na kwamba hamtasahauliana, hapa duniani wala huko kwingine. Nilitafuta inshallah ndani ya maneno yale, sikuiona. Kwetu ahadi ni deni, na habari ya kurudiana haisemwi ovyo, kwa kuwa hujui nani mwingine anasikiliza. "Unaiambia karatasi tu," ulisema. Nikakujibu kwamba karatasi ina mwenyewe.

Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja. Nikasema kichwa kinaniuma, tumalizie Jumatano ijayo. Ukaiweka penseli mezani, upande wako. Ulijua. Ukasema, "Haya, ijayo," ukakifunga wewe.

Kesho yake alfajiri ukafariki usingizini. Nilipofika saa mbili, jamaa zenu wa Mombasa walikuwa wameshakuchukua kukupeleka kuzikwa Nairobi, kwani nanyi kama sisi hamchelewi na maiti. Sikuuona uso wako. Na kichwa hakikuwa kikiniuma, Mwalimu. Neno langu la mwisho kwako lilikuwa uongo, tena uongo wa kitoto, na hilo limenila moyo kuliko kifo chenyewe.

Mpwa wako alinipigia simu kutoka ng'ambo akaniomba niwe nafungua nyumba kila Jumatano iingie hewa, mpaka atakapokuja. Daktari na mkewe walikuwa wamesharudi kwao. Jumatano ya kwanza nilifuta vumbi, nikakikuta kitabu mezani sebuleni kimefungwa kama ulivyokiacha. Nikakifunika kwa kile kitambaa cheupe cha kudarizi, nikafunga madirisha kwa komeo, nikatia kufuli mbili mlangoni, nikaondoka na funguo zote.

Jumatano ya pili kitabu kilikuwa wazi. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimewekwa juu ya kiti changu.

Nilisimama pale mlangoni na ndoo mkononi. Jua lilikuwa kali, saa kumi za alasiri, si saa ya mtu kuogopa. Nikajiambia ni upepo, lakini madirisha yalikuwa yamefungwa. Nikajiambia ni tumbili wa mle mitini, maana hao hawashindwi na kitu. Lakini tumbili huiba ndizi, hakunji vitambaa. Nikamfuata Mzee Hamisi, mlinzi, nikamuuliza ni nani aliyeingia. Akaapa hakuna. Nikamwomba basi aje aone. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mie simo, Bi Mwanasha. Mie nalinda ukuta. Vilivyomo ndani vina mwenyewe."

Nikakifunga. Nikachana kipande cha leso yangu kuukuu nikakifunga kitabu kama mzigo, mafundo mawili, yale ya marehemu mama ambayo hata mwenyewe hunichukua muda kuyafungua. Wiki ile sikulala vizuri. Sikumwambia mtu, kwa sababu najua ningeambiwa niite wa kusoma na ubani, na mimi sikutaka ufukuzwe. Hilo nalisema waziwazi. Nilikuogopa, na nilikutaka.

Jumatano ya tatu kipande cha leso kilikuwa kimenyooshwa juu ya meza. Kitabu kilikuwa wazi kwenye ukurasa ule. Na kiti chako kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama ulivyopenda kukivuta ili goti lako lisiguse meza.

Nikaweka ndoo chini. Nikatia udhu kwenye bomba la uani, nikarudi, nikaketi mahali pangu. Nikasoma kwa sauti. Ukurasa ulikuwa unauliza habari za mtu aliyepoteza kitu lakini bado hajajua kwamba kimepotea: je, ahesabiwe amekata tamaa? Nilifika mwisho wa swali nikanyamaza, kama tulivyokuwa tukinyamaza, mwingine apate kupinga. Feni ilikuwa imezimwa. Tumbili juu ya paa walikuwa wametulia. Nimewahi kukaa katika nyumba zenye kimya, nyumba za watu waliosafiri, na kimya chake nakijua. Hiki hakikuwa hicho. Hiki kilikuwa kimya cha mtu anayetafuta hoja.

"Mimi nasema hapana," nikasema. "Asiyejua hajakata tamaa. Haki yake ipo palepale."

Penseli yako ilikuwa upande wako wa meza. Ikaviringika nusu mzunguko, ikasimama.

Basi nikasoma tu, mstari kwa mstari, hadi neno la mwisho. Kisha nikayasema yale maneno ya kuaga. Niliyasema yote, kwa Kiswahili, bila kuongeza wala kupunguza. Nikakuomba radhi kwa uongo wa kichwa. Nikakifunga kitabu nikalia pale mezani mpaka Mzee Hamisi akabisha mlango kuuliza kama niko salama.

Jumatano iliyofuata kilikuwa kimefungwa. Na iliyofuata, na iliyofuata tena. Kiti chako hakikusogea. Nyumba ikawa nyumba tupu kama nyingine zote za huku ufukweni zinazongoja wanunuzi. Mpwa wako alipokuja aliuza meza na viti, na kitabu akanipa mimi, akisema ameona jina langu limeandikwa humo mara nyingi kuliko lako. Nimekileta kwangu Msambweni, kipo juu ya meza ndogo chumbani.

Ndipo ninapokuja kwenye swali langu. Nilidhani nikimaliza ukurasa nitapumua. Kumbe nilikuwa nakufungulia mlango uende. Kila asubuhi nikiamka natazama mezani kabla sijatafuta hata ndara zangu, na kila asubuhi kimefungwa, nami nahisi vibaya kama mtu aliyeitika hodi akakuta hapana mtu. Watoto wangu wako Mombasa na kazi zao. Hapa hakuna anayenipinga. Majirani wananikubali kwa kila kitu, Mwalimu, na unajua tabia yangu, nitaharibika. Je, yale maneno ya kurudiana mnayasema kwa kuyaamini, au ni adabu tu kama sisi tunavyomwambia mgeni karibu tena?

Jana, Jumatano, nilifanya jambo ambalo wewe na mimi tungegombana na yeyote anayelifanya. Nilikifungua kitabu pale penye ndara ya baba, nikakiacha wazi kwa makusudi. Nikafunga mlango wa chumba kwa komeo la ndani. Meza ikawa kushoto kwangu, nikatandika mswala nikaswali alasiri. Nilijitahidi moyo usiende kando. Sikusikia kitu, hata karatasi. Nilipomaliza, nikatoa salamu kulia, sikuona ila ukuta. Nikageuza uso kushoto kutoa ya pili.

Kilikuwa kimefungwa.

Salamu ile ni ya malaika, najua, na Mungu anisamehe. Lakini ya kushoto, Mwalimu, niliitoa kwa sauti, na niliitoa kwako.

Haya, tuonane Jumatano.

Mwenzako wa kusoma,
Mwanasha