Mfagizi Hayumo Kwenye Boksi

Kwako binti yangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika mameneja watatu, kiwanda cha midoli kimekufa mimi nikiwa hai, na meno yote yamenitangulia. Sasa nasumbuliwa na vijana wenye ndevu!

Wanataka ile midoli yetu ya zamani itengenezwe tena, sita kwenye boksi moja. Kutwa wanabishana kwa kinyozi. Dereva ndani, polisi ndani, hata mbuzi ndani. Nikauliza, "Na mfagizi je?" Mmoja akanicheka: "Babu, mfagizi nani anamkumbuka? Nafasi ya sita ni ya mpiga tarumbeta."

Mpiga tarumbeta! Sura zote nilizifinyanga mimi kwa mikono hii, na yule ndiye niliyemfanya kwa haraka. Mfagizi nilimfinyanga nikimtazama mama yako akifagia ua.

Wamesema nimlete huyo mdoli wa mfagizi wamwone kabla ya Ijumaa, la sivyo basi. Na aliyebaki duniani ni mmoja tu, uliyeondoka naye siku tuliyomzika mama yako, nami nikakuita mwizi mbele ya watu. Halikuwa neno la kumwambia mtoto. Mdoli ni wako.

Usimtume kwa posta, watampoteza. Mlete mwenyewe.

Ukidhani naongopa, muulize shangazi yako. Anajua mfagizi ni sura ya nani, na jana aliniona nikikutandikia kitanda.

Baba yako, fundi wa wote sita, na wa mfagizi.