Neno Nililoliruka

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia na umesharudi kazini. Sisi huku tunapumua, ila nyumba imepoa. Mama analala hospitali na Baba, nami nimebaki na wadogo zangu.

Shangazi, juzi kwenye simu ulimgombeza Baba kwamba ni mkaidi, amengoja mpaka mguu ukaharibika. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sikufungua mdomo. Unanijua nilivyo mzito wa kusema, ndiyo maana naandika. Kosa ni langu.

Nilitumwa zahanati kuchukua majibu ya kile kidonda chake cha kidole gumba. Nesi akanipa karatasi. Iliandikwa: "Nyama ya kidole imeoza. Aletwe leo hii."

Neno lenyewe tunalitumia kila siku. Nyanya zimeoza, mbao za dari zimeoza. Kinyozi wa jirani akikosa wateja husema biashara imeoza, tunacheka. Lakini Baba alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, akinitazama mdomoni kwa kuwa maandishi madogo hayaoni tena. Niliona kuoza ni kwa kitu kilichokwisha kufa. Nitamwambiaje mtu mzima, tena Baba? Nikasoma: "Kidole kimechoka. Aletwe akipata nafasi."

Akacheka. Akasema yeye mwenyewe kachoka, sembuse kidole, acha kwanza amalize sare za shule. Alizishona siku sita. Pedali ikipanda na kushuka, mimi nikishona vifungo huku nasikia harufu. Nilijiambia ni dawa ya kidonda.

Siku ya saba hakuweza kusimama. Daktari alisema angeletwa siku ile ya karatasi, kingeondoka kidole peke yake. Jumatatu wakakata chini ya goti.

Jana nilimweleza Baba yote, nimekaa kando ya kitanda. Alitazama shuka pale lilipolala bapa. Nilitamani anipige.

"Ulinionea huruma, mwanangu," akasema. "Usinionee tena."

Kisha akatoa chini ya mto karatasi nyingine ya daktari, aliyokuwa ameificha hata Mama asiione.

"Haya. Soma."

Iliandikwa kwamba kisigino cha mguu uliobaki nacho kimeanza kuoza. Nikasoma hivyo hivyo, kwa sauti. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nimwite daktari.

Shangazi, ukipiga tena, tafadhali usimgombeze. Nigombeze mimi.

Nisalimie sana binamu zangu, Mrefu na Kitindamimba, na yule mama mkwe wako mcheshi. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kuja kumwona kaka yako mapema.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Binti wa kaka yako.