Nilivyompita Mzee wa Dirma

Jumatano, 9 Aprili. Mbulu, asubuhi

Mnyororo nimeupaka mafuta. Taa nimezijaribu. Mizigo imefungwa. Siku ya tano tangu nitoke Kericho. Baridi ya Mbulu ni kama ya kwetu, ukungu mpaka mlangoni. Chai na chapati mbili. Mhudumu kaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia sina, nina pikipiki. Akacheka, na mimi nikacheka.

Anasema hajawahi kusikia Mkenya anaongea Kiswahili hivi. Miaka ishirini nakifundisha. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Leo Haydom, kisha njia ya ndani mpaka Katesh. Kesho Singida. Likizo ni fupi, Mbeya ni mbali.

Jumatano, jioni. Katesh

Nimefika, ila vibaya. Tope la masika limeniunguzia klachi. Kilomita za mwisho nimebebwa na pikapu ya mahindi, mimi na pikipiki yangu juu ya magunia. Fundi anasema pleti zitaagizwa Babati, labda Ijumaa.

Nimepata gesti safi. Mwenyewe anaitwa Mama Tluway, Mwiraqw kwa kabila, mcheshi. Mlima Hanang uko hapo nyuma lakini sijauona. Mawingu tu.

Jambo moja. Pale Dirma, kati ya Haydom na Katesh, mzee mmoja alitoka vichakani, kajifunga shuka jeusi, fimbo juu, akasimama karibu katikati ya njia. Alikuwa anapiga kelele. Ndani ya helmeti sikusikia maneno. Hakukuwa na nyumba karibu. Nikamkwepa, nikaongeza mwendo. Kwenye kioo nikamwona anakimbia nyuma yangu. Mzee mzima, anakimbia.

Nimefanya sawa. Mwanamke peke yake hasimami porini.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikufanya sawa.

Mama Tluway ameleta uji na habari. Jana huko Dirma mwanamke ameumwa na nyoka, kifutu, akiokota kuni. Anaitwa Paulina, ana mtoto wa miezi saba. Kule simu hazishiki. Baba mkwe wake, Mzee Gidamis, akakimbilia njiani. Pikipiki ikaja. Hakutaka hata lifti. Alitaka tu mtu huyo akifika zahanati, kijiji kinachofuata, aseme kuna mgonjwa, gari litafutwe. Pikipiki ikampita. Wakakaa saa mbili nzima hadi bodaboda alipotokea. Wakampakia mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mumewe nyuma amemkumbatia asianguke. Sasa amelazwa hapa Katesh, kituo cha afya.

“Mwanaume gani yule?” kasema Mama Tluway. “Kwani hana mama?”

Wote wanasema mwanaume. Helmeti na jaketi ndivyo vilivyowaambia.

Nikajibu: “Watu wengine hawana utu.”

Nimesema hivyo. Mimi. Kwa Kiswahili changu kizuri. Akaniuliza nilikuja kwa njia gani. Nikasema Babati.

Zahanati ile naikumbuka. Bati la bluu. Nilipunguza mwendo hapo kwa sababu ya mbuzi.

Uji sikuumaliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Pleti hazijaja. Fundi ameiosha pikipiki. Njia ya Babati ni lami, na tope lililotoka chini ya bamba ni jeusi, zito, limeshikana na majani. Kaniangalia. “Mwalimu, hili ni tope la mbuga.” Nikasema ndiyo. Akaendelea kufuta.

Anajua. Au hajui. Nimeshinda chumbani.

Nimewaza niiache pikipiki nipande basi. Naandika hapa ili nisiweze kusema baadaye kwamba sikuwaza.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kituo cha afya. Nimebeba chupa ya maziwa na ndizi, kama mgeni mwema. Muuguzi ni Sista Rehema, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku. Alifurahi kupata mtu wa kuongea naye. Nikajifanya nimesikia tu habari.

Paulina ni binti mdogo. Hajafika ishirini na tano. Mguu wa kulia umevimba mpaka gotini, na kuanzia kifundo kwenda chini ngozi imekuwa nyeusi. Mama mkwe amekaa sakafuni na mtoto. Mtoto analilia ziwa, hapewi kwa sababu ya sumu.

Nikamuuliza Sista kama saa zile mbili zingebadilisha kitu. Nilitaka aseme hapana.

“Dada,” kasema, “masaa mawili ni masaa mawili.”

Paulina akaomba maji. Aliomba kwa Kidatoga na mimi nikaelewa. Neno lao la maji na letu sisi Wakipsigis karibu ni moja. Nikampa kikombe kabla mama mkwe hajainuka. Wote wakanishangaa. Kumbe watu niliowakimbia, lugha yao ni ndugu ya lugha ya mama yangu.

Kutoka nje nikamkuta Mzee Gidamis ameketi ukutani. Kanitazama. Uso wangu hakuuona siku ile. Shikamoo haikutoka. Kwetu ni neno la darasani, natoa alama kwa hilo, sijazoea kulisema. Nikainamisha kichwa tu, nikapita.

Nimempita mara ya pili.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Mama Tluway ameenda kanisani. Mimi nimerudi kituoni.

Mzee alikuwa palepale ukutani. Nikainama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Mzee, yule wa pikipiki ni mimi.”

Hakuelewa. Nikarudia polepole. Akanitazama viatu, kisha mikono, kisha uso.

“Wewe ni mwanamke.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini hukusimama?”

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Giza la mvua, helmeti, wanawake wanaovamiwa njiani. Yote yalikuwa kweli.

“Nilikuogopa, mzee.”

“Mimi?” Akaiangalia fimbo yake. Akailaza chini. “Aliyekuwa anaogopa ni mimi.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akamwita mkewe, akamweleza kwa lugha yao. Bibi akanitazama uso, kama mtu anayesoma. Kisha akamchukua mjukuu wake aliyekuwa amelala kwenye benchi karibu nami, akamhamishia upande wa pili.

Kesho Paulina anapelekwa hospitali kubwa ya Haydom. Huenda mguu ukakatwa. Nikamuuliza mzee kama naweza kuja huko. Akasema: “Barabara ni ya watu wote.”

Mama Tluway nimemwambia aliporudi, na matawi yake mkononi. Nimemwambia na uongo wa Babati. Ameweka chai mezani na kwenda jikoni. Hajaniita mwalimu tena.

Jumatatu, 14 Aprili

Gari limeondoka na Paulina saa tatu. Mumewe, mtoto na bibi wamekwenda naye. Pleti zimefika saa sita. Fundi kazifunga, akamaliza, akasema: “Singida ni huku.” Nikamwambia narudi Haydom, kwa wale watu. Akaitikia kwa kichwa. Akakagua tena kamba ya klachi, ambayo alikuwa ameshaikagua.

Safari ya Mbeya imeishia hapa. Sioni hata uchungu.

Jumanne, 15 Aprili. Haydom

Wamekata chini ya goti. Leo asubuhi.

Daktari anasema atapona. Nimemsikia nikiwa kwenye korido, nimesimama mbali, kama mtu asiyehusika.

Mume wa Paulina amekaa, ameweka viatu vya mkewe mbele yake. Viwili.

Jumatano, 16 Aprili. Haydom

Paulina ameamka, amekunywa uji. Mtoto amenyonyeshwa na mama mwingine wa wodi hiyo, amelala. Mume kamwambia Paulina mimi ni nani. Kanitazama kidogo, kisha akaelekeza uso ukutani. Ni haki yake. Nikatoka.

Bibi alikuwa kwenye bomba la nje anafua. Mashuka, nepi, kitenge chenye damu. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni, nikachukua nepi moja. Hakuninyang'anya. Hakuniangalia pia. Tulifua mpaka povu likaisha. Mawingu yalikuwa yamepanda na jua lilikuwa kali.

Shuka lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Akanirushia ncha. Tukalikamua, yeye akizungusha kulia, mimi kushoto, mpaka likaacha kutoa maji. Akaenda kulianika peke yake.

Nikabaki na beseni. Nikalimwaga, nikalisuuza, nikajaza maji mapya.