Pedi Isiyorushwa

Jumapili, 3 Machi

Pedi ya nne ya gemu la mpira. Ukutani!

Shemeji kanifunga dakika ya tisini, akapanda juu ya kochi, akajipigia tarumbeta kwa mdomo mtupu – paa-paa-paa! Tangu mdogo huyu wa mke wangu ahamie kwetu, kila bao lina tarumbeta lake. Sikuona kitu tena. Nilisikia plastiki ikipasuka, halafu mke wangu akisema "aa", kidogo tu. Kipande kilimrukia juu ya nyusi. Damu mpaka kwenye kola. Mishono mitatu.

Nikaomba samahani mara kumi. Akasema samahani zangu zimejaa nyumba nzima, hana pa kuziweka.

Tuliporudi kutoka zahanati alichukua kalamu nene, akaandika, akabandika kwenye friji: HUMU NDANI HAVIVUNJWI VITU. Kikivunjika kimoja tena, anaondoka. Nikaambiwa niweke sahihi. Nimeweka.

Jumatatu, 4 Machi

Nyundo kutwa nzima. Gari limegongwa ubavuni, mlango umeingia ndani. Kazi yetu mafundi bodi ni hiyo: unapiga mpaka kinyooke. Nilipiga mpaka bati likatoboka. Mpiga rangi akacheka. Nilimkamata koo, nikambana kwenye boneti, ulimi ukamtoka. Walikuja watu wanne kunitoa.

Bosi kasema mkono wangu ni dawa kwa bati, sumu kwa watu. Wakacheka wote. Mimi pia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeiona pedi mpya dukani. Ina kasha lake la zipu, na kitambaa chake cha kufutia. Nzito. Vitufe vya chuma, mpira mahali pa kushika, vitufe vingine vinne mgongoni. Bei yake – nusu ya mshahara wangu! Muuzaji anasema ni ya wachezaji wa kweli. Fundi simu wa mlango wa pili akanivuta pembeni: kaka, ndani ni vilevile, hapo unanunua kasha.

Labda. Lakini nilipoishika, mkono wangu uliogopa. Ndipo nikaelewa! Hizi za bei poa ndizo zinazoniponza. Unairusha kwa sababu kesho utapata nyingine. Hii nani atairusha?

Nikamwambia mke wangu nataka kununua pedi ya bei mbaya. "Yangu au yako?" Tukacheka mpaka mshono ukamuuma. Amekubali. Hatukuwa tumecheka tangu Jumapili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimenunua. Je, inafaa bei yake? Vitufe vya mgongoni vitamu, gumba halihangaiki, pasi inatoka mapema. Ukikabwa inatetemeka mkononi kama simu. Ila kufungwa nafungwa vilevile. Tatu moja.

"Umebadilisha kiatu, shem," shemeji akasema, "mguu ni uleule." Na paa-paa yake juu.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mkono ukaenda juu, pedi ndani yake. Ukasimama huko. Ukashuka. Nikaiweka mezani polepole, juu ya kitambaa chake, nikajiuma mkono wa kushoto mpaka nikaonja damu. Mke wangu aliona yote. Alinisafisha kidonda, akasema: kumbe unaweza.

Kwa neno hilo tu bei yake imerudi. Hata nisifunge bao mpaka nizeeke.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya tisa bila kuvunja kitu. Gereji nimepiga teke ndoo ya pati ya kuzibia bati ikapasuka, lakini gereji si humu ndani.

Shemeji kapata bendi, atapiga tarumbeta la kweli! Kila Jumamosi harusi, kuanzia mwisho wa mwezi. Siku hizi anapiga mswaki mara tatu. Anasema mdomo ndio ofisi yake, lazima ifagiliwe. Dada yake ana furaha kama yeye ndiye aliyeajiriwa. Mimi pia nilifurahi, kweli kabisa.

Jumapili, 17 Machi

Mwandiko mbaya leo.

Saa tisa mchana. Mke wangu uani anaanika nguo. Mbili mbili, dakika ya themanini na tisa, mpira ninao mimi. Kijiti cha kushoto kikaanza kuvuta chenyewe. Pedi ya siku nane! Beki wangu akaenda zake kushoto kama kaitwa nyumbani. Shemeji akauchukua, akafunga. Akapanda kochi. Paa-paa-paa. "Rudisha dukani, shem! Waambie wakubadilishie mguu!"

Mkono ukaenda juu. Nikaikumbuka karatasi. Nikaikumbuka bei. Nikaiweka mezani, juu ya kitambaa chake, polepole, vitufe juu. Niliona fahari, naapa. Mkono ukabaki mtupu.

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili sijui. Ya tatu alikuwa chini tayari, goti langu kifuani kwake. Nilipiga ninavyopiga mlango wa gari, nikingoja kinyooke. Hakujikinga. Nadhani alifikiri bado tunataniana.

Mke wangu akapaza sauti kutoka uani: "Umevunja nini?"

Nikaangalia. Televisheni nzima. Glasi zote nzima. Pedi iko mezani, taa yake inawaka. "Hakuna kitu!" nikamjibu. Nilikuwa nasema kweli. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Sasa mke wangu kamwingiza shemeji bafuni, wamejifungia. Maji yanamwagika. Namsikia akimwambia afungue mdomo aone. Halafu namsikia shemeji akipuliza, anaitafuta paa-paa yake. Hewa tupu. Anapuliza tena. Hewa.

Meno mawili yalikuwa chini ya kochi. Nimeyafunga kwenye kitambaa cha pedi. Sijui pa kuyaweka.

Pedi imetetemeka yenyewe juu ya meza. Mechi haijasimamishwa, mtu wangu anakabwa.

Mlango wa bafu umefunguka. Mke wangu katoka, mikono myekundu. Hajaniangalia. Kaenda kwenye friji, kaibandua karatasi, anaisoma. Anaisoma tena. Kaiweka mezani mbele yangu, kidole kwenye neno VITU. Ananyoosha mkono, anataka kalamu hii –