Aproni ya Kuvulia

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na goti lako limepunguza kulalamika unapopanda ngazi. Mkaza mjomba je, kikohozi kimemwacha? Sisi huku hatujambo. Mama yuko salama, sauti yake bado inafika nyumba ya tatu. Mume wangu yuko njiani na lori lake kama kawaida, na watoto wanarefuka mpaka nimechoka kuteremsha pindo za suruali. Cherehani yangu, ile uliyonishauri niitupe, nayo bado inashona. Inapiga kelele tu kunizidi mimi.

Mzigo wako ulifika salama. Asante sana, Mjomba. Naitanguliza asante kwa sababu najua umekaa roho juu. Katika barua yako uliniuliza jambo moja na ukaniomba nisikufiche: je, ulimkosea baba, shemeji yako, kwa kumtumia vifaa vya kuvulia samaki na hali haoni tena? Nitakujibu, tena sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila nivumilie nianze pale mzigo ulipofunguliwa.

Baba alianza na fimbo ya kuvulia. Aliitoa kwenye ala yake, akaviunganisha vipande kimoja baada ya kingine, akaipima uzito mkononi na kutabasamu. Mama akanikonyeza. Kisha baba akalifungua lile sanduku la vifaa. Mjomba, sanduku lilikuwa limeshiba! Ndoana za kila ukubwa, nyuzi nene na nyembamba, vipande vya risasi vya kuzamishia uzi, mikasi, maboya uliyoyachonga na kuyapaka rangi kwa mkono wako, na vikopo ambavyo hata sisi wenye macho hatukujua ni vya nini. Baba akapapasa, akachomwa kidole. Akapapasa tena, akachomwa kingine. Akafunga kifuniko polepole.

"Mwambie shemeji nimeshukuru sana," akasema. "Liweke juu ya kabati."

Siku hiyo aliumia, Mjomba, siwezi kukudanganya. Lakini aliyemuumiza si wewe.

Tangu macho yake yazime alikuwa amekwenda bwawani mara moja tu, na mume wangu. Unamjua mume wangu, ana moyo mzuri na haraka za udereva. Alimfungia ndoana, akamtilia chambo, akamrushia, kisha akawa anampigia kelele, "Vuta, baba, vuta!" Walirudi na ndoo ya samaki, baba amenuna. Aliniambia, "Aliyevua ni yeye. Mimi nilipelekwa kama gunia." Akaapa kwamba asipoweza kufanya kila kitu mwenyewe, hakanyagi tena bwawani. Basi akawa mtu wa kukaa kibarazani tangu chai ya asubuhi mpaka jua linazama, yeye seremala ambaye tulizoea kumwona amekaa pale tu anapojaribu kiti alichokitengeneza. Alikuwa anatupotea huku tunamtazama.

Ndiyo maana sikuweza kuliacha sanduku lako likae juu ya kabati. Nililiteremsha, nikamwaga kila kitu juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Mkono mmoja wa baba ni wa fimbo nyeupe ya kutembelea, wa pili ni wa fimbo ya kuvulia, na wa tatu hana. Kwa hiyo vitu vingine vyote lazima viwe vichache na vikae mwilini. Mama hakutaka kitu hata kimoja kibaki. Kila nilichokitenga alikirudisha, eti akifika huko akakikosa je, na juu yake akaongeza taulo, mwavuli na sahani ya bati. Ilibidi nimwambie dada yako kwamba baba anakwenda kuvua, hahami.

Nikashona mfuko wa begani. Ulikuwa mzuri, sijisifu, vijumba vyote sawasawa. Na ili baba asichanganye vitu, nikadarizi kila kijumba kwa rangi yake: nyekundu ya ndoana, kijani ya nyuzi, njano ya risasi. Nikampelekea na kumweleza kwa madaha yote. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Na hiyo nyekundu, mwanangu, iko upande gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Ndiyo akili za fundi cherehani hizo, kuchagua nyuzi za rangi kwa ajili ya mtu asiyeona. Mama akajishika mdomo. Lakini baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, kicheko ambacho humu ndani tulishakisahau, nasi tukacheka kwa sababu yeye anacheka. Alipotulia aliinuka, akafuata ukuta kwa kiganja, akaja mwenyewe mpaka mezani.

"Nileteeni aproni yangu ya kazi," akasema.

Naamini unaikumbuka, ile ya turubai yenye gundi iliyoganda. Miaka yote ya useremala alichomoa humo penseli, misumari na futi bila kutazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria. Aliivaa, akasimama kando ya meza, akaanza kunihoji kama hakimu. Kila nilichomkabidhi nilitakiwa kusema kazi yake, na viwili vikiwa na kazi moja, kimoja kinarudi sandukuni. Ndoana zilibaki za ukubwa mmoja, zile ndogo, kwa kuwa bwawa letu halina samaki wakubwa na yeye hana mpango wa kuwasingizia. Mikasi ilirudi, akasema meno anayo. Taulo la mama nililikata nusu. Mwavuli ulirudi nyuma ya mlango, na sahani sijui hata ilitokea wapi.

Kisha akakata vibao vyembamba, akaviringisha kwenye kila kimoja uzi uliokwisha fungwa risasi na ndoana, na ncha ya ndoana akaichomeka kwenye kipande cha kizibo isimchome. Yote aliyafanya hapa mezani, kwa utulivu. Uzi ukikatika bwawani hana haja ya kufunga chochote, anatoa kibao kingine na kupachika kitanzi kwenye ncha ya fimbo. Vibao vizima vinakaa mfuko wa kulia, vilivyotumika vinaingia kushoto, chambo kinakaa katikati. Mimi nilibakiwa na kazi ya kushona vifungo vya kupapasa: kimoja kulia, viwili kushoto, na kile kikubwa cha koti kwenye mfuko wa kifuani, wa leso.

Yakabaki maboya yako. Niliyasogeza mbele yake taratibu, maana najua ulivyojitesa nayo. Baba aliyachukua moja moja, akayazungusha vidoleni, akasifu ulivyoilainisha mbao, na sifa ya baba kwenye mambo ya mbao unajua haitoki ovyo. Halafu akasema mwenyewe, "Boya ni la macho. Mimi samaki akigusa nitamsikia kwenye kiwiko." Akayarudisha sandukuni. Nilikuonea huruma, Mjomba, nikajiambia hilo sitakuandikia.

Alhamisi moja tukaenda. Niliruhusiwa kumtangulia kwenye ngazi za bwawa, zile za nyuma ya kiwanda cha matofali, kisha nikaamriwa nikae mbali na ninyamaze. Kukaa mbali niliweza. Uzi wa kwanza ulinasa kwenye majani ya majini ukakatika, nami nikajikuta nimesimama. "Kaa," akasema bila kugeuka. Mkono ukaenda kulia, ukatoka na kibao. Kitanzi kikaingia kwenye ncha ya fimbo, vidole vikaenda katikati kutafuta chambo, na uzi ukarudi majini. Tukangoja mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Ghafla kiwiko kikashtuka. Akainua, uzi ukamletea samaki mpaka kiganjani, akamnasua ndoana mwenyewe. Nililia, Mjomba, na niliziba mdomo kwa ushungi ili nisivunje amri ya kunyamaza.

Samaki mwenyewe ni wa kutafutwa kwa tochi. Mama alimkaanga kwa heshima zote, tukamgawana kama ng'ombe.

Tangu hapo baba haombi kupelekwa. Anavaa aproni, anasema, "Nakwenda kuvua," na mwenye nafasi anamfuata. Kibaraza kimebaki cha paka.

Kwa hiyo nakushukuru, Mjomba, na nakushukuru tena. Ungetuma vitu vichache ningemfungashia mimi, na ningemuudhi kama mume wangu alivyomuudhi. Wewe ulituma vingi mpaka ikabidi mtu achague, na aliyechagua ni baba. Ulimrudishia kazi ya mikono, na sisi ukaturudishia mtu wetu.

Sasa lile la maboya. Nilijiahidi kulificha, lakini jana nilipokuwa naifua aproni nilikuta kitu kigumu kwenye mfuko wa kifuani, mahali pa leso. Kukitoa, ni boya lako moja, lile lenye ncha nyekundu. Nikadhani amelisahau humo.

"Baba, hili si tulikubaliana halina kazi?"

"Hilo si langu," akasema. "La shemeji. Siku akija atalitazama yeye, na mimi nitamwambia samaki amegusa kabla halijazama." Akanyoosha mkono, akalichukua kwangu, akalishikilia mpaka aproni ilipokauka.

Uliniuliza kama ulimkosea. Mtu aliyekataa mwavuli, mikasi na nusu ya taulo ili awe mwepesi, wewe anakubeba kifuani kila anapokwenda bwawani.

Mama anakusalimu na anasema upunguze chumvi. Wanangu wanawaamkia wewe na mkaza mjomba, na mume wangu akirudi atakupigia simu. Baba hakutuma salamu, anasema zake atakupa mkiwa mmekaa kando ya maji. Mungu awape afya, akufungulie njia, na aliponye hilo goti upesi. Ngazi za bwawani zina chuma cha kushikilia pande zote mbili.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, yule uliyemwita kwa sababu ya ulimi wake,

Sindano